Vipande Kumi na Viwili Juu ya Moto wa Mukaka

Wiki iliyopita nilinunua gunia la makala, makaa ya kupikia, kwa mama mmoja anayeuza kando ya barabara ya Rutshuru. Nilipokuwa nikilimwaga jikoni, kipande kimoja kiliniponyoka kikaangukia jiwe la lava tunalozuilia mlango. Kililia. Makala ya kawaida hayalii, hupasuka tu na kutawanya vumbi. Hiki kililia kama kijiko kilichogonga glasi, sauti nyembamba iliyochelewa kuondoka. Nikakiokota, nikakishika kwa vidole viwili kwenye robo ya urefu wake, nikakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia tena. Nikaketi sakafuni na mikono yangu myeusi, mpaka binti yangu akaniuliza kama nimeumia.

Nilimwambia hapana. Lakini wewe uliyekulia kwenye mawe haya haya meusi, wewe nitakuambia. Ule ulikuwa munzenze, mzeituni wa porini, na sauti yake sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu. Nilidhani imekwisha duniani. Na kusema kweli, nilikuwa nikiomba iwe imekwisha.

Nyumba yetu ilikuwa kaskazini mwa mji, kabla hujafika Kanyaruchinya, nyumba ya mbao na bati juu ya lava, kama zote. Wazazi wangu walikuwa wafanyabiashara wa safari za mbali, leo Butembo, kesho Beni, kwa hiyo mimi nililelewa na bibi yangu, mama yake baba. Tulimwita Mukaka, kama sisi Wanande tunavyomwita bibi. Jiko lake lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba. Nikifumba macho ninaweza kuingia humo sasa hivi: mlango mfupi, moshi unaouma macho kwa hatua mbili za kwanza kisha unazoea, chungu cha maharage, viazi vya Kibumba vinavyochemka na maganda yake, sambaza, visamaki vya ziwani, zilizokaushwa ndani ya kikapu. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga, kichanja cha fito kilichofungwa kwa kamba, ambapo bibi wengine walikausha mahindi ya mbegu. Mukaka alikausha silaha.

Jirani yetu, mama mnene aliyeuza maharage sokoni, hakuacha kumtania. Alikuwa akiingiza kichwa mlangoni na kuuliza, "Mama, leo unapika nini? Bugali ama fimbo?"

"Fimbo," Mukaka alijibu bila kugeuka. "Zikiiva nitakuita. Ya kwanza ni ya mugongo yako."

Silaha zilikuwa za mwalimu wetu. Asubuhi alifundisha hesabu shuleni, na jioni, katika ukumbi wa parokia, alitufundisha karate na matumizi ya silaha za mbao: fimbo ndefu, na upanga wa mazoezi unaoitwa bokeni. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye shati moja jeupe ambalo sikuwahi kuliona chafu. Tulikuwa wanafunzi kama ishirini, wavulana wengi na wasichana watano, na kelele zetu zilikuwa zikiwakera mama wa kwaya waliofanya mazoezi upande wa pili wa ukuta. Wao wakipandisha sauti, sisi tunapandisha. Padri alisema Mungu anasikia vyote viwili, ila angependa kusikia kimoja kimoja.

Mwanzoni bokeni zetu zilikuwa za mkaratusi, kwa sababu mkaratusi ulipatikana kila mahali. Kisha siku moja, katika zoezi la wawili wawili, upanga mmoja ulivunjika katikati na kibanzi chake kikamwingia jichoni msichana wa mwaka wa sita. Jicho halikupona. Upanga ule aliuchonga Mwalimu mwenyewe.

Mtu mwingine angefunga ukumbi. Yeye aliufunga kwa mwezi mmoja, kisha akatuita, akatundika ule upanga uliovunjika ukutani, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. "Angalieni nyuzi za mti. Zinatoka huku chini, zinapanda, halafu hapa zinakimbilia pembeni. Hazifiki mwisho. Mahali nyuzi zinatoka nje, ndipo mti utavunjika. Ilikuwa imeandikwa hapa wazi, na miye, mwalimu, sikuisoma." Yule msichana alikuwa ameketi mbele, na kitambaa cheupe usoni. Mwalimu alimwangalia yeye tu alipoendelea. "Tangu leo, hakuna mutoto wa watu atapigana hapa na mti ambao sikuuchagua kwa kuomba Mungu."

Hapo ndipo ilipoanza safari ya Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani. Tulikwenda Jumapili baada ya misa, wanafunzi sita na yeye, kwa miguu, mpaka ng'ambo ya mji kwenye njia ya Sake. Njiani chukudu zilitupita, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zimepakia viazi na kabichi, na Mwalimu alizisimamisha moja moja kuwauliza wenye nazo zimechongwa kwa mti gani na zimedumu miaka mingapi. Mmoja alimjibu, "Muzee, unataka kununua ama unataka kumuoa?" Tulicheka mpaka Lac Vert.

Kule, juu ya lava ya zamani, mizeituni ya porini ilikuwa imeota kwenye nyufa za mawe. Haikuwa miti ya kupendeza. Ilikuwa mifupi, imekunjamana, na majani yake yalikuwa na rangi ya vumbi upande wa chini. Mvulana mmoja alionyesha mkaratusi uliosimama mbali, mrefu na mnyoofu, akasema huu ndio mzuri. Mwalimu hakumkemea. Alimpa panga aukate tawi, kisha akampa panga lile lile akate tawi la munzenze. La kwanza lilikatika kwa pigo moja. Kwa la pili panga liliruka, na mkono wa mvulana ukafa ganzi.

"Huu unakula jiwe," Mwalimu alisema. "Hauna udongo, hauna haraka. Kila mwaka unaongeza unene wa ukucha. Mti unaokua kwa taabu, hapa ndani nyuzi zake zinashikana."

Alitufundisha mambo kwa mpangilio, na mimi, niliyekuwa mwaka wa tano primeri, niliyaandika yote kwenye daftari. Tafuta shina lisilo na fundo kwa urefu unaofika kifuani mwa mtoto. Tazama gome: likizunguka mti kama kamba iliyosokotwa, nyuzi za ndani nazo zimesokotwa, uache. Usikate kwa msumeno kwa urefu, pasua kwa kabari na nyundo, kwa sababu msumeno unakata nyuzi lakini kabari inazifuata. Chukua moyo mweusi wa mti, acha nyama nyeupe ya nje. Tupa kibanzi ziwani: kikizama kama jiwe, rudi nyumbani na furaha. Kibanzi chetu kilizama. Muzee mwenye shamba, aliyepewa chumvi na sabuni kwa mashina mawili aliyotuachia, alitutazama tukishangilia kibanzi kilichozama na akatikisa kichwa.

Tulipata vipande kumi na viwili. Mbao kama hizo, zikikaushwa juani, hupasuka. Zinataka moshi mwepesi na subira ya misimu miwili ya mvua. Nyumba ya Mwalimu haikuwa na jiko la kuni, alikuwa mjane anayekula kwa dada yake, kwa hiyo alikuja kwa Mukaka, akapiga goti na kuomba nafasi kwenye uchaga. Mukaka alikubali kwa sharti moja: nisikose shule kwa ajili ya miti. Mukaka ndiye aliyeleta mabaki ya mishumaa ya parokia, tukayayeyusha na kupaka kila ncha, ili maji yatoke polepole kupitia ubavuni na ncha zisichanike.

Sijui kwa nini Mwalimu alinichagua mimi kuvitunza. Alisema nina sikio. Kila Jumamosi nilipanda juu ya kinu kilichogeuzwa, nikashusha kipande kimoja kimoja, nikakigonga na kuandika. Kipande kibichi hakilii, kinakohoa. Ndivyo nilivyoandika katika daftari: cha kwanza kinakohoa, cha pili kinakohoa, cha tano kimeanza kusema. Niliweka ulimi kwenye ncha niliyoikwangua nta kidogo, kwa maana ulimi unajua unyevu ambao mkono haujui, kisha nikairudishia nta. Miezi ilipita na sauti zikapanda. Kufikia msimu wa pili wa mvua nilivijua vyote kwa sauti, nikiwa nimefumba macho, kama unavyowajua watu wa nyumbani kwa jinsi wanavyokohoa nje ya mlango. Cha saba ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Mwalimu aliniahidi kwamba bokeni ya kwanza, itakayochongwa kwa hicho cha saba, itakuwa yangu, na nitapanda nayo daraja la karate mbele ya wageni kutoka Bukavu.

Kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu muhimu katika dunia yetu ndogo. Ninasema hivyo bila kujivuna. Ninataka tu uelewe nilichokuwa nikilinda.

Kisha ukaja mwaka wa wakimbizi.

Wewe uliuona, au ulisimuliwa na walioona. Kiangazi, vumbi, na barabara iliyojaa watu waliovuka mpaka wakikimbia vita, kutoka ukuta hadi ukuta, wakitembea bila kusema, na magodoro vichwani, na mbuzi, na milango ya nyumba zao waliyoibeba sijui kwenda kuifungia wapi. Wengine walibaki mjini, wengine walipanda kwetu na kupita hadi Kibumba. Ndani ya siku chache hapakuwa na ua wa miti, hapakuwa na mgomba, hapakuwa na kijiti cha kupigia mswaki. Usiwalaumu. Mtu hawezi kula unga mbichi. Mikaratusi ya parokia ilikwenda kwa asubuhi moja. Nilisimama nikahesabu visiki kwa sababu ndivyo nilivyozoea kufanya, kuandika, na nilipofika kwenye ukumbi wetu nikakuta madirisha hayana tena mbao.

Mwalimu alikuja siku hiyo. Dada yake mwingine alikuwa ameolewa Rutshuru na hakuwa na habari zake, alikuwa akienda kumtafuta. Alisimama chini ya uchaga, akagonga vipande vyote kumi na viwili kwa zamu, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya lile jicho nilimwona akitabasamu. "Bado majuma machache," alisema. Kisha akainama hadi uso wake ukawa sawa na wangu. "Unanisikia muzuri? Hata dunia igeuke, hapa kisitoke hata kimoja. Mpaka nirudi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sema tena."

"Hakitoki hata kimoja."

Baada yake ukaja ugonjwa wa kuhara. Redio ilisema watu wachemshe maji. Ilisema hivyo asubuhi, mchana na jioni, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kinyarwanda: chemsheni maji. Haikusema kwa kuni gani. Mukaka alichoma kitanda cha wageni, kisha rafu ya vyombo, kisha kile kinu nilichokuwa nikipanda. Akachoma mchi wake aliotoka nao Butembo akiwa bibi harusi. Jioni moja alikaa mbele ya mafiga yenye baridi akainua macho kwenye uchaga, kwa muda mrefu, kisha akanitazama.

"Ni vya Mwalimu," nilisema.

"Najua ni vya nani," alisema. Akaenda nyumbani, akarudi na mlango wa chumba chake.

Siku mbili baadaye alitoka mapema kupanga foleni ya maji, akaniacha nilinde nyumba. Jua lilikuwa limeshapanda nilipoona mtu kwenye mlango wa jiko. Alikuwa mwanamke mkimbizi, bado kijana, na mtoto mgongoni. Mtoto alivaa fulana ya sufu ya manjano iliyochanika begani, na mkono mmoja wa fulana ulining'inia mtupu kando ya mama yake. Mwanamke alikuwa na maji ndani ya sufuria ndogo. Maji yalikuwa na rangi ya chai.

"Dada," aliniita, mimi mtoto, "nisaidie kijiti kimoja. Kimoja tu. Nichemshe hii."

"Hakuna kuni," nilisema.

Akatazama mafiga, akaona majivu. Kisha akatazama juu. Nilimwona akivihesabu.

"Na ile?"

"Hivi si kuni."

Hakukasirika. Ninataka niandike hili vizuri, maana nimelirudia mara nyingi kichwani. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka anayedhani ametaniwa. "Mti gani si kuni, dada?"

"Ni vya Mwalimu. Hivi si kuni," nilisema tena, na nikasimama katikati, miguu imetanuka, mikono mbele, kama tulivyofundishwa kusimama mtu anapokuja kukupiga. Nilisimama hivyo mbele ya mwanamke mwenye sufuria.

Alinitazama miguu, akanitazama mikono. Akasema, "Aksanti," akageuka. Nilisikia hatua zake kwenye changarawe za lava, na nikasikia hatua nyingine zikipishana nazo. Mukaka alikuwa akirudi na bidoni yake ya maji. Aliingia, akaitua, akanikuta bado nimesimama vile vile. Alifungua kanga yake kichwani, akajifunga upya.

Kesho yake asubuhi nilitumwa kwa jirani. Kando ya barabara walikuwa wamelazwa waliokufa usiku, kama kila asubuhi, wamefungwa ndani ya mikeka, wakingoja lori, kwa maana lava haichimbiki. Mkeka mmoja ulikuwa mfupi. Haukufungwa vizuri upande mmoja, na mkono wa sufu ya manjano ulikuwa umetoka nje, ule mtupu, usio na kitu ndani. Mwanamke sikumwona. Sikumtafuta.

Nimejaribu kuwa mwadilifu na ukweli. Inawezekana mtoto yule alikuwa ameshaugua kabla hawajafika mlangoni kwetu. Inawezekana sufuria moja ya maji yaliyochemka isingebadilisha lolote. Nimewauliza waganga wawili wa hospitali katika maisha yangu, kwa njia ya kuzunguka, kama vile ninauliza habari za mtu mwingine, na wote wawili walinijibu kwamba huenda. Huenda ndilo neno ninaloishi nalo.

Mwalimu alirudi baada ya majuma matano, amekonda, peke yake. Dada yake hakumpata. Hakukaa hata kunywa maji, aliingia jikoni moja kwa moja na nikaona anaogopa kuinua macho. Kisha akainua. Vyote kumi na viwili vilikuwepo. Aligonga cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kila kimoja kililia kama kengele ndogo ya altareni, na yule mtu akaanza kulia machozi mbele ya mtoto.

"Mji mzima hauna hata kijiti," alisema, "na weye umelinda. Hakuna mutu alikuja kuomba?"

Mukaka alikuwa kwenye kona, akichambua maharage. Mikono yake ilisimama.

"Hakuna," nilisema.

Mikono yake ikaendelea.

Mwalimu alichonga cha saba kwa siku tisa. Hakutumia msasa, alisugua kwa kipande cha chupa na akamalizia kwa mafuta ya mawese. Ulikuwa upanga mzuri, rafiki. Rangi ya kahawa, na michirizi myeusi iliyokwenda kutoka mpini hadi ncha bila kukatika hata mmoja. Ukiupunga, hewa inapasuka. Alinikabidhi mbele ya wanafunzi waliobaki, ndani ya ukumbi usio na madirisha, akasema maneno kuhusu nidhamu na mtu anayeshika neno lake. Yule msichana mwenye jicho moja alinipigia makofi kuliko wote. Daraja sikupanda. Wageni wa Bukavu hawakuja tena, na mimi kila niliposimama na upanga ule, miguu imetanuka, niliona sufuria.

Vita ya kwetu wenyewe ilipofika, wanajeshi walilala ndani ya ukumbi wa parokia. Vipande vilivyosalia Mwalimu alikuwa amevihamishia huko ili avichonge. Walianza kuvipikia. Mwalimu alikwenda kuwaomba wasivichome, na jirani yetu, aliyekuwa akiuza maharage hapo mbele, alisema alimwona akiingia. Alingoja mpaka akamaliza kuuza kikapu chake. Hakumwona akitoka.

Sisi tulikimbia kuelekea Sake, kama nusu ya mji. Wazazi wangu walikuwa Butembo na barabara imefungwa. Nilibeba chungu na godoro, na Mukaka alitembelea bokeni yangu kama mkongojo, kwa sababu goti lake lilikuwa limevimba. Ilimfaa sana. Aliipiga kwenye mawe, ko, ko, ko, na kila pigo lililia. Siku ya pili mchana, chini ya mvua, alianza kuhara, na nilipomgusa alikuwa wa baridi. Tulikuwa tumefika Lac Vert.

Nilimlaza chini ya turubai la watu wengine, nikachota maji ziwani, nikaenda kutafuta kuni mahali ambapo nilijua kuni zipo. Mizeituni haikuwepo. Hata visiki havikuwepo. Wakimbizi waliopiga kambi hapo walikuwa wameshavichimbua mpaka mizizi kwenye nyufa za mawe, na mashimo yamejaa maji ya mvua. Nikarudi, nikaweka mawe matatu, nikaomba moto kwa mama mmoja aliyekuwa na makaa mawili ndani ya kopo. Alinipa moja bila kuniuliza mimi ni nani. Nikauchukua upanga kutoka kando ya Mukaka, nikaukwangua kwa kisu kupata vibanzi vya kuwashia, kisha nikausukuma motoni kwa ncha.

Sikufikiri. Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Kwa mtoto wa mwanamke yule nilifikiri, nikapima, nikakumbuka ahadi na nidhamu na maneno ya Mwalimu. Kwa Mukaka wangu sikupima kitu.

Munzenze unawaka polepole, karibu bila moshi, kwa mwali mdogo wa bluu unaotembea juu ya mafuta yake. Maji yalichemka na nilikuwa sijachoma hata robo ya upanga. Nilichemsha chungu kizima, nikachemsha cha pili, na bado mpini ulikuwa mzima. Kipande kimoja, rafiki. Kipande kimoja kingetosha vyungu vinne.

Nilipompelekea kikombe, Mukaka alikuwa macho. Alikuwa anautazama moto, ameutambua. Alikunywa yote, akapumzika, akafuta mdomo.

"Kumbe ni kuni," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma jina juu ya bahasha. Kisha akaomba kikombe kingine. Alipona, tukarudi nyumbani, akaishi miaka mingi akipika kwa makala na kuwatukana majirani kwa mapenzi, na hakulirudia neno lile hata siku moja. Hata alipokuwa anakufa nilikaa karibu na mdomo wake nikingoja alirudie, ili nipate kumwambia habari za yule mwanamke. Aliomba tu mto uinuliwe.

Sasa lava ya volkano iliyolipuka baadaye imelala juu ya mahali palipokuwa ukumbi wetu, na juu ya lava hiyo wamejenga nyumba nyingine za mbao. Wakimbizi wa sasa hivi wako Kanyaruchinya, chini ya maturubai, na wengi wao ni wa kwetu wenyewe. Nikipita huko ninaona watoto wakicheza kupigana kwa vipande vya bomba la plastiki. Hakuna wa kuwaambia watazame nyuzi, kwa maana plastiki haina nyuzi. Lac Vert nilikwenda mara moja nikapanda miche mitatu ya munzenze niliyoipata kwa shida. Nilirudi baada ya miezi sita, imeng'olewa. Siku hizi ninashangaa kwamba niliwahi kuishi mahali ambapo mti uliachwa juu ya moshi misimu miwili, ukisubiriwa.

Sikio ninalo bado. Halina kazi. Kila gunia la makala ninalinunua huku nikilisikiliza, na sijui kama ninataka kuusikia munzenze au ninataka usiwepo. Mahali fulani mlimani kulikuwa na mmoja uliobaki, na mtu mwenye njaa ameupata. Nitamlaumu vipi?

Binti yangu alisimama mlangoni akiuliza kama maharage yataiva leo au kesho. Nilikigonga kile kipande mara moja zaidi karibu na sikio langu. Kisha nikakiweka ndani ya mbabula, jiko letu la makala, pamoja na vingine, nikapepea, nikaweka sufuria ya maji juu yake, ingawa tulikuwa na maji safi, na hakuna mtu aliyekuwa amesimama mlangoni akiomba.